Uchambuzi Tumizi wa Tabia: Maswali Ambayo Wazazi na Walimu Huuliza Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu aliyeambiwa kwamba mtoto "anahitaji tiba ya tabia", akapewa karatasi iliyojaa istilahi, na akatoka na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Mifano mingi inahusu watoto wenye usonji kwa kuwa huko ndiko fani iliyo nyuma ya tiba hiyo, yaani uchambuzi tumizi wa tabia, inakotumika zaidi. Hata hivyo kanuni zake hazichagui: zinamhusu mtoto wa darasa la kwanza, kijana anayebeti na mtu mzima anayejaribu kuacha sigara.

Uchambuzi tumizi wa tabia ni nini?

Ni fani inayochunguza namna mazingira yanavyoijenga na kuidumisha tabia ya mtu, kisha kuyatumia maarifa hayo kubadilisha jambo lenye umuhimu katika maisha yake. Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliandika makala katika toleo la kwanza la jarida la fani hii na kuweka masharti saba ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha kazi nzuri. Nitaje yale ambayo mzazi anaweza kuyadai moja kwa moja. Jambo linalobadilishwa liwe na faida kwa mhusika mwenyewe. Lionekane na lipimike. Ithibitike kwamba mbinu ndiyo iliyoleta mabadiliko, si bahati wala umri. Mbinu iandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine akiisoma anaweza kuifanya. Na mabadiliko yatoke nje ya chumba cha mafunzo, yafike nyumbani, shuleni na sokoni.

Ilianzia wapi?

Maabara, kwa wanyama. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasaikolojia Edward Thorndike aliwafungia paka ndani ya visanduku vyenye kitasa. Paka alihangaika mpaka akakigusa kitasa kwa bahati, akatoka, akala. Kadiri alivyofungiwa tena na tena, ndivyo alivyozidi kutoka mapema. Thorndike akahitimisha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. Mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, aliiendeleza hoja hiyo kwa panya na njiwa, na kitabu chake cha 1938 ndicho kilichoweka msingi wa istilahi nyingi zinazotumika hadi leo.

Kwa binadamu, kazi ninayopenda kuwasimulia wazazi ni ya Teodoro Ayllon na Jack Michael, iliyochapishwa mwaka 1959. Waliifanya katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Saskatchewan, Kanada. Mgonjwa mmoja alikuwa akiingia ofisi ya wauguzi wastani wa mara 16 kwa siku na kuwakatiza kazi. Wauguzi walimshika mkono wakamtoa, wakati mwingine wakamsukuma kumrudisha wodini. Waliposhauriwa wasimjali kabisa anapoingia, safari zake zilipungua, na kufikia wiki ya saba alikuwa anaingia mara 2 tu kwa siku. Yale waliyokuwa wakiyafanya kumzuia ndiyo yaliyokuwa yakimleta. Na walioleta mabadiliko hayo ni wauguzi wenyewe, watu wanaokaa na mgonjwa kutwa. Hilo ni muhimu kwetu, kwa sababu katika miji yetu mingi mtu anayekaa na mtoto kutwa ndiye mtaalamu pekee atakayempata.

Hapa "tabia" ina maana gani?

Ni jambo lolote ambalo mtu analifanya na ambalo linaweza kuonekana au kusikika na kuhesabiwa. Ukaidi, uvivu na jeuri havimo. Hizo ni hukumu zetu juu ya mtoto. "Juma ni mkorofi" haitupi pa kuanzia. "Juma huwasukuma wenzake kwa mikono miwili wakiwa kwenye foleni ya uji" inatupa.

Ogden Lindsley, aliyesoma kwa Skinner, alipendekeza kipimo kizuri: kama maiti anaweza kulifanya, si tabia. Kutolia, kutosumbua, kukaa kimya, yote hayo maiti anayaweza. Kwa hiyo ukikuta kwenye mpango wa mtoto wako lengo linalosema "aache kusumbua darasani", lirudishe kwa aliyeliandika na umwulize: mnataka afanye nini badala yake?

Kitangulizi na matokeo ni nini?

Kitangulizi ni kile kilichotokea mara tu kabla ya tabia, na matokeo ni kile kilichofuata mara tu baada yake. Mama na Asha wanapita mbele ya duka. Asha anajitupa chini na kupiga mayowe. Mama, huku watu wanamtazama, ananunua biskuti ili amnyamazishe. Duka ni kitangulizi, mayowe ni tabia, biskuti ni matokeo. Wakipita tena kesho, mayowe yatarudi, kwa sababu yamelipa. Asha hakukaa akapanga hila. Mtu hujifunza kutokana na matokeo hata pasipo kukusudia.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau kuliandika, nalo ni hali aliyokuwa nayo mtoto kabla ya hayo yote. Aliyetoka kula akashiba hatababaishwa na biskuti kama ambaye hajala tangu asubuhi. Njaa, usingizi, maumivu ya sikio, kufunga choo, joto, kelele za muziki wa jirani: vyote huongeza au kupunguza uzito wa matokeo. Ndiyo maana mtoto asiyesema akianza ghafla kujipiga au kuuma watu, safari ya kwanza ni ya hospitali, akaangaliwe meno, masikio na tumbo. Kumwekea mpango wa tabia mtoto mwenye jino linalouma ni kumdhulumu.

Mtaalamu aliniuliza, "Tabia hii ina kazi gani?" Alimaanisha nini?

Alikuwa anauliza inampatia mtoto nini. Majibu kwa kawaida ni manne: watu wamwangalie au wamsemeshe, akwepe au aahirishe jambo, apate kitu au shughuli, au mwili wenyewe upate raha au nafuu. Tabia moja inaweza kuwa na kazi zaidi ya moja.

Hili ndilo swali ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote, na nitakueleza kwa nini. Watoto wawili wanaweza kujigonga kichwa kwa namna ileile kabisa. Wa kwanza hujigonga kwa kuwa mama huacha vyombo na kumkumbatia. Wa pili hujigonga kwa kuwa mwalimu huliondoa daftari mbele yake. Ukimtoa darasani yule wa pili umempa alichokuwa anakitafuta. Ukimtoa wa kwanza umemnyima. Mbinu ni moja, mafunzo aliyoyapata kila mmoja ni kinyume cha mwenzake. Bila kujua kazi ya tabia, unakisia tu, na gharama ya kukosea anailipa mtoto.

Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake huko Baltimore, Marekani, walichapisha njia ya kulipima jambo hili. Washiriki tisa wenye ulemavu wa ukuaji, ambao walikuwa wakijiumiza, waliwekwa kwa muda mfupi mfupi katika hali tofauti: katika hali moja mtu mzima aliwasemesha wanapojiumiza, katika nyingine kazi ngumu ilisimamishwa wanapojiumiza, katika nyingine walikuwa peke yao, na katika nyingine walicheza bila kudaiwa chochote. Kwa wengi wao kujiumiza kulipanda katika hali fulani mahususi, na hapo kazi ya tabia ikajitokeza. Kipimo cha aina hiyo kinahitaji mtu aliyefunzwa na usalama wa kutosha, nyumbani usikijaribu. Ambacho unaweza kufanya nyumbani ni kuandika kwa wiki moja au mbili: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. Daftari la kawaida linatosha.

Miaka mitatu baadaye Edward Carr na Mark Durand walichukua hatua iliyobaki. Waliwafundisha watoto wanne kuomba kwa maneno kile walichokuwa wakikipata kwa vurugu. Aliyefanya vurugu kazi inapokuwa ngumu alifundishwa kusema kwamba haelewi, na akasaidiwa. Aliyetafuta kuangaliwa alifundishwa kuuliza kama anafanya kazi vizuri, na akasifiwa. Vurugu zikashuka sana, ila pale tu maneno yalipolingana na haja ya mtoto. Maneno yasiyoihusu haja yake hayakusaidia. Mtoto hakunyang'anywa njia yake ya kusema na watu. Alipewa njia bora zaidi.

Uimarishaji ni kumpa mtoto zawadi?

Si lazima. Uimarishaji ni pale matokeo yanapofanya tabia iliyoyatangulia itokee zaidi siku za mbele, na kilichofanya kazi hiyo huitwa kiimarishi. Kipimo ni kinachotokea baadaye, si nia ya mtoaji. Ukimbandikia mtoto nyota kwenye daftari na kuandika kwake kusiongezeke, nyota hiyo si kiimarishi kwake. Ukimfokea kila anaposimama na kusimama kukazidi, ukali wako ndio kiimarishi.

Mfano huo wa pili ulipimwa darasani. Charles Madsen, Wesley Becker na wenzao walichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa darasa la kwanza huko Marekani. Walimu walipoongeza kusema "kaa chini", watoto waliosimama ovyo waliongezeka. Walipoanza kuwasifu waliokaa wakifanya kazi, waliosimama walipungua. Mtego uko hapa: kila mwalimu aliposema "kaa chini", mtoto alikaa. Kwa dakika ile amri ilionekana imefanya kazi, kwa hiyo mwalimu naye akazidi kuitoa. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani ataelewa mara moja jinsi siku nzima inavyoweza kuishia hapo.

Uimarishaji hasi ni adhabu?

Hapana, na huku ndiko kuchanganya kunakotokea zaidi, hata kwa wanafunzi wa vyuo. Uimarishaji wote huongeza tabia. Ukiwa chanya, kuna kitu kinaongezwa baada ya tabia. Ukiwa hasi, kuna kitu kinachoudhi kinaondolewa. Unameza dawa, kichwa kinaacha kuuma, kesho kikiuma utameza tena: huo ni uimarishaji hasi.

Sasa rudi kwa Asha dukani. Asha alipata biskuti, uimarishaji chanya. Mama naye alipata kitu: mayowe yalikoma, macho ya watu yakaondoka, uimarishaji hasi. Kila mmoja amemfundisha mwenzake. Ukiona familia imekwama katika mtindo unaowaumiza wote, mara nyingi mnyororo wake ni huo, na kumlaumu mama hakuusaidii kukatika.

Si ni rushwa tu?

Rushwa hutolewa ili mtu afanye jambo lisilo halali, na kwa watoto neno hilo hutumika pale ahadi inapotolewa katikati ya vurugu: "Nyamaza nikununulie soda." Uimarishaji hupangwa kabla na hutolewa baada ya tendo jema. Mtu mzima naye hufanya kazi akalipwa mshahara, na hatuuiti rushwa. Pia viimarishi vingi havigharimu chochote: kurushwa juu, kuimbiwa, kuchezea maji, kukaa karibu na baba. Mwanasaikolojia David Premack alionyesha kwamba shughuli ambayo mtu huifanya sana akiachwa huru inaweza kuimarisha ile asiyoipenda. Kina mama wanaosema "maliza kuosha vyombo, kisha ukacheze" walikuwa wakilitumia jambo hilo kabla ya maabara.

Niendelee kumpongeza milele?

Mwanzoni imarisha kila mara, kwa sababu tabia mpya ni dhaifu. Ikishika, punguza polepole. Ratiba ya uimarishaji, yaani mpangilio wa lini malipo yaje na lini yasije, ina nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Malipo yanayokuja baada ya idadi isiyotabirika ya majaribio huzaa tabia ngumu sana kuizima. Kamari imejengwa juu ya ratiba hiyo, na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaobeti kwenye simu usiku kucha wamenaswa nayo. Nyumbani kwako ratiba hiyohiyo hutokea unapokataa mara nne na kukubali mara ya tano.

Niliambiwa nimpuuze. Hali imekuwa mbaya zaidi. Niache?

Kuzima tabia maana yake ni kuacha kuipa kiimarishi kilichokuwa kinaidumisha. Kupuuza ni namna moja tu, na inafaa pale tu kazi ya tabia inapokuwa kutafuta kuangaliwa. Mtoto anayepiga kelele ili akwepe hesabu hatajali ukimpuuza, atafurahi.

Kama kazi ya tabia ni kuangaliwa kweli, tarajia ipande kabla ya kushuka: sauti kubwa zaidi, muda mrefu zaidi, pengine kurusha vitu. Wataalamu wanalijua hilo na ilikuwa wajibu wao kukwambia mapema. Ukikubali akiwa kileleni, utakuwa umemfundisha kwamba kinachotakiwa ni kelele za kiwango hicho. Kwa hiyo kabla ya kuanza jiulize kwa ukweli kama utaweza kuvumilia, na kama bibi, dada wa kazi na majirani nao wataweza. Kama tabia inaumiza, mfano kujigonga au kuuma, usianze kuzima bila mtaalamu. Na kamwe usizime bila kumfundisha mtoto njia nyingine ya kupata anachohitaji, na kumpa hicho anachohitaji kwa ukarimu anapoitumia njia hiyo.

Fani hii inasemaje kuhusu adhabu na viboko?

Kwa istilahi, adhabu ni pale matokeo yanapofanya tabia ipungue. Nayo iko chanya, kitu kinapoongezwa, na hasi, kitu kinapoondolewa, kama kunyimwa televisheni. Kipimo ni kilekile cha matokeo. Basi mtoto anayechapwa kwa kosa lilelile wiki baada ya wiki hajaadhibiwa kwa maana ya kitaalamu. Amechapwa tu.

Wazazi hunijibu kwa methali: "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Nami naiheshimu methali hiyo, kwa sababu inasema kweli kuhusu mzazi asiyeweka mipaka. Lakini mipaka haihitaji fimbo. Adhabu ya maumivu humwambia mtoto asifanye nini bila kumwambia afanye nini. Humfundisha kufanya kosa pasipo mwenye fimbo. Humfunza kumwogopa na kumkwepa anayechapa, na mtoto anayemkwepa mwalimu hajifunzi kwake. Humwonyesha kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Na kwa mchapaji ukimya wa ghafla ni uimarishaji hasi, kwa hiyo mkono huzidi kuwa mwepesi.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya mwili. Tanzania Bara kanuni za elimu bado zinaviruhusu kwa masharti. Kwa mtoto mwenye usonji suala hili ni zito maradufu: mara nyingi anachapwa kwa jambo ambalo hakulielewa, na hawezi kusimulia nyumbani kilichompata.

Fani yenyewe nayo ina deni hapa. Katika miongo yake ya mwanzo baadhi ya watafiti walitumia makofi na hata umeme kwa watoto. Kituo kimoja cha Massachusetts kimeendelea na mshtuko wa umeme hadi miaka ya karibuni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikipiga marufuku kifaa hicho mwaka 2020, na mahakama ikaitengua marufuku mwaka 2021. Mwaka 2022 jumuiya ya kimataifa ya wachambuzi wa tabia ilitangaza kuupinga mshtuko huo. Ilichelewa mno.

Nimesoma kwamba watu wazima wenye usonji wanaipinga fani hii. Ni kweli?

Wengi wao, ndiyo, na wasikilizwe. Wao ndio waliokaa kwenye kile kiti.

Chimbuko la mjadala ni kazi ya Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Makala yake ya 1987 ilisema kwamba kati ya watoto 19 waliopata mafunzo ya takriban saa 40 kwa wiki, 9 walifikia kiwango cha kawaida cha akili na shule. Takwimu hiyo ilizunguka dunia na kuwapa wazazi matumaini makubwa. Wakosoaji walionyesha kwamba watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na kwamba mafunzo yalihusisha pia kufokewa na kupigwa kofi la paja. Lililo zito zaidi ni lengo lililokuwa nyuma ya hayo: mtoto afanane na wengine kiasi kwamba asitambulike.

Wanachosimulia wengi waliopitia mafunzo ya namna hiyo ni hiki: walizuiwa kupunga mikono au kujitikisa, ingawa kuliwatuliza, walilazimishwa kutazama watu machoni, ingawa kuliwaumiza, walifundishwa kutii mtu mzima yeyote kwa jambo lolote. Hili la mwisho linanitisha kuliko yote, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema hapana ni windo rahisi la mnyanyasaji.

Msimamo wangu ni kwamba kanuni za kujifunza ni za kweli na mtoto ana haki ya kunufaika nazo, ila malengo lazima yawe yake. Kufundishwa kuomba maji, kwenda choo, kuvuka barabara, kusema "inauma" au "sitaki" ni malengo yanayompa uhuru. Kuketi mikono ikiwa juu ya meza ili mgeni asione tofauti yake ni lengo la mgeni. Wachambuzi wazuri siku hizi hutafuta ridhaa ya mtoto mwenyewe hata kama hasemi: akigeuka, akisukuma vitu, akilia, wanasimama na kubadili mbinu.

Na kwa aliyeahidiwa kwamba usonji "utapona": hauponi, kwa sababu si ugonjwa wa kuambukizwa wala laana. Ni namna ubongo ulivyokua.

Ujuzi mpya unafundishwaje?

Kwanza kuchambua kazi, yaani kuivunja katika hatua ndogo. Kunawa mikono kwa kata na ndoo ni hatua nyingi kuliko unavyodhani: kuchota, kumimina, kushika sabuni, kuirudisha mahali pake, kusugua viganja, kusugua nyuma ya mikono, kumimina tena, kukausha. Hatua hizo huunganishwa kama mnyororo. Unaweza kuanzia mwisho: unamsaidia zote, halafu ya mwisho anaifanya peke yake na kupongezwa, akiiweza, unamwachia mbili za mwisho. Faida ya njia hii ni kwamba kila mara mtoto humaliza kwa kufanikiwa.

Msaada unaompa, iwe kumshika mkono, kuonyesha kwa kidole, kumwonyesha picha au neno, huitwa kidokezo. Mpango wowote wenye kidokezo uwe na mpango wa kukiondoa, la sivyo mtoto atangoja kushikwa mkono maisha yake yote. Na kumshika mkono kusiwe kwa nguvu.

Kufinyanga ni tofauti. Hapa tabia haijakuwepo kabisa, kwa hiyo unaimarisha kila kinachoikaribia: kwanza "m", kisha "ma", kisha "maji", na kila anapopanda ngazi unaacha kulipia ile ya chini.

Mwanangu hasemi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kuomba. Kati ya matumizi yote ya lugha, hilo ndilo linalomlipa mtoto moja kwa moja, maana akiomba embe anapata embe. Kutaja majina ya vitu vilivyoko kwenye kadi kunaweza kusubiri. Kuomba si lazima kuwe kwa mdomo. Ishara ya mkono, picha iliyokatwa kwenye gazeti, au simu inayomtamkia neno kwa sauti, vyote ni lugha. Wazazi wengi huhofu kwamba picha zitamfanya mtoto avivie kusema. Hofu hiyo isikuzuie, kwa kuwa kutumia picha hakumzuii kujifunza maneno.

Weka vitu anavyovipenda mahali anapoviona bila kuvifikia, kisha subiri. Kusubiri ndiko kugumu. Sisi walezi tunamjua mtoto hivi kwamba tunampa kikombe kabla hajahitaji kuomba.

Kwa nini wanaandika kila kitu?

Kwa sababu kumbukumbu ya mlezi aliyechoka hukumbuka siku mbaya. Kabla ya mbinu yoyote hupimwa kiwango cha mwanzo: ni mara ngapi kwa siku, hudumu kwa muda gani, huchukua muda gani tangu aambiwe hadi aanze. Kisha mbinu huanza na upimaji huendelea. Mstari kwenye grafu usipobadilika, mbinu ndiyo ibadilishwe. Mtoto hana kosa.

Shuleni anavaa viatu mwenyewe, nyumbani hataki. Ananidanganya?

Hapana. Amejifunza kuvaa viatu vile, na mwalimu yule, kwenye benchi lile. Kueneza ujuzi mahali pengine, kwa watu wengine na vitu vingine hakuji kwenyewe, hufundishwa. Mwombe mwalimu akuonyeshe anavyofanya, tumia maneno yaleyale kwanza, kisha badilisha kidogo kidogo.

Nani anaruhusiwa kuitoa huduma hii Afrika Mashariki, na nimwulize nini kabla ya kulipa?

Bodi ya vyeti iliyo maarufu zaidi duniani iko Marekani, ilianzishwa mwaka 1998, na tangu 2023 haipokei waombaji wapya kutoka nchi nyingi, zetu zikiwemo. Wachache wenye vyeti hivyo wako kwenye miji mikubwa, na ada zao mara nyingi hazifikiki. Lakini usikate tamaa. Walimu wa elimu maalumu hufunzwa katika vyuo kama KISE (Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya) jijini Nairobi na Patandi mkoani Arusha, na wengi wanazijua mbinu hizi hata kama hawazitaji kwa majina ya humu. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, yenye vipindi tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yametengenezwa kutolewa hata na watu wasio wataalamu.

Kwa yeyote anayekuomba ada, uliza haya. Lengo hili litamsaidia nini mtoto wangu yeye mwenyewe? Mmejuaje kazi ya tabia yake? Mtafanya nini akilia au akikataa? Naweza kukaa ndani nikitazama, siku yoyote, bila kutoa taarifa? Nionyesheni grafu. Mtanifundisha nami? Akisita kwenye swali la kukaa ndani ukitazama, mchukue mtoto wako mrudi nyumbani.